Kidhibiti cha kujitengenezea: kazi iliyo nyuma ya mchoro

Mtu anayeandika programu ya kompyuta ya mezani hupata vidhibiti vingi bila kutoka jasho. Vitufe, visanduku vya tiki, orodha kunjuzi, sehemu za kuandikia na miambaa ya kusogezea ukurasa, vyote huja pamoja na mfumo endeshi au na maktaba ya kiolesura aliyoichagua, na kwa programu nyingi hivyo vinatosha. Shida huanza pale anapohitaji kitu ambacho hakimo. Chukua mfano wa kitelezi chenye vishikio viwili, ambacho humwezesha mtumiaji kuweka kikomo cha chini na cha juu kwenye mstari mmoja, tuseme anapochuja picha kwa mwaka zilipopigwa au anapokata kipande cha sauti. QSlider, kitelezi cha maktaba ya Qt, ina kishikio kimoja. Slider ya WPF (maktaba ya Microsoft), JSlider ya Swing (maktaba ya Java) na NSSlider ya macOS (mfumo endeshi wa Apple) ni vivyo hivyo. Kitelezi cha zamani cha Windows, kikiundwa kwa mtindo wa TBS_ENABLESELRANGE, kinaweza kuonyesha kipande kilichochaguliwa, lakini hakimpi mtumiaji vishikio vya kuburuta ncha za kipande hicho, na programu ndiyo inayopaswa kuzipanga.

Anayekutana na hitaji hilo kwa mara ya kwanza huiona kazi iliyo mbele yake kuwa ni ya kuchora: mstari mlalo, viduara viwili juu yake, na rangi nzito katikati ya viduara hivyo. Mchoro huo kweli si mgumu. Kinachokula muda ni yale yasiyoonekana kwenye picha, yaani namna kidhibiti kinavyoitika kipanya kinapotoka nje ya mipaka yake, kinavyoendeshwa na asiyetumia kipanya kabisa, kinavyojieleza kwa programu inayomsomea asiyeona, na kinavyowatendea watengenezaji wengine watakaokiweka ndani ya kazi zao. Makala haya yanakifuata kitelezi hicho kimoja tangu uamuzi wa kukijenga hadi kukikabidhi, ili ionekane kazi yenyewe iko wapi.

Kujenga kiasi gani

Kabla ya kuandika msimbo wowote, inafaa kuuliza ni kiasi gani cha kidhibiti kinachohitaji kujengwa upya. Hatua ya chini kabisa ni kukivika kidhibiti kilichopo sura nyingine na kukiachia tabia yake. Katika Windows, kitufe kilichoundwa kwa mtindo wa BS_OWNERDRAW huendelea kubofyeka, kupokea fokasi (yaani zamu ya kuendeshwa kwa kibodi) na kuitika kibodi kama kawaida, ila kila kinapohitaji kuonekana hulipelekea dirisha mzazi, lile linalokibeba, ujumbe wa WM_DRAWITEM ili lenyewe ndilo lichore. WPF, iliyotoka mwaka 2006, ililigeuza wazo hilo kuwa msingi wake: kidhibiti hubeba tabia tu, na sura yake hutoka kwenye kiolezo kiitwacho ControlTemplate, ambacho mtengenezaji anaweza kukibadilisha chote bila kuigusa tabia. Qt hufanya jambo linalokaribiana na hilo kwa kuukabidhi uchoraji kwa QStyle. Yeyote ambaye shida yake ni rangi, umbo au pembe za mviringo anapaswa kuishia hapa. Nalisema kwa mkazo kwa sababu ziko programu nyingi ambazo vitufe vyake vilijengwa kutoka sifuri kwa ajili ya rangi peke yake, na vitufe hivyo huwa vimepoteza nusu ya uwezo wa kitufe cha kawaida bila mwenye programu kutambua.

Hatua inayofuata ni kuunganisha vidhibiti vilivyopo ndani ya kimoja kikubwa, kama UserControl ya Windows Forms, maktaba nyingine ya Microsoft, inavyoruhusu. Njia hii inafaa sana kwa kidhibiti cha kuingizia tarehe au anwani, ambacho ni mkusanyiko wa visehemu vinavyojulikana. Kwa kitelezi chetu haifui dafu. Wanaojaribu hulaza vitelezi viwili vya kawaida kimoja juu ya kingine na kuufanya usuli wa kile cha juu uwe wa uwazi, kisha hugundua kwamba cha juu ndicho kinachopokea kila mbofyo, hata ule uliolenga kishikio cha kitelezi kilicho chini yake, kwa kuwa uwazi wa rangi hauna uhusiano wowote na uwazi wa kupitisha matukio kama mibofyo. Iko pia njia ya kati, ya kudaka ujumbe unaoelekea kwenye kidhibiti kilichopo na kubadilisha mmoja au miwili. Njia hiyo nayo haiwezi kukipa kitelezi kishikio cha pili ambacho hakikijui. Inabaki kujenga kutoka sifuri.

Wanaojenga kutoka sifuri wana mfano mzuri wa kale. Katika Macintosh ya mwaka 1984, kila aina ya kidhibiti ilikuwa na kipande cha msimbo kilichohifadhiwa kama rasilimali ya aina ya CDEF, na mfumo ulikiita kipande hicho kila ulipotaka huduma. Uliweza kukiomba kichore, lakini pia ulikiuliza ni sehemu gani ya kidhibiti iliyobofywa, ukakiomba kikokotoe eneo lake, kijiandae kinapozaliwa, kijisafishe kinapoondolewa, na kisogeze kiashirio chake thamani inapobadilika. Kuchora kulikuwa ombi moja tu kati ya mengi, na orodha hiyo ya maombi, ukiondoa majina yake, ndiyo bado tunayoitekeleza leo. Miaka saba baadaye Visual Basic, lugha ya programu ya Microsoft, ilifungua soko zima la vidhibiti vilivyouzwa kama bidhaa, kwanza katika umbo la VBX na baadaye OCX, na tangu hapo kidhibiti kikawa kitu ambacho mtu mmoja hukijenga na mwingine asiyemfahamu hukitumia.

Kuchora kwa kuombwa

Jambo linalowachanganya wengi mwanzoni ni kwamba kidhibiti hakichori kinapotaka. Thamani inapobadilika, kidhibiti hutangaza tu kwamba sura yake imepitwa na wakati, kwa InvalidateRect katika Windows, update katika Qt, repaint katika Swing au needsDisplay katika macOS, halafu husubiri. Mfumo hukusanya matangazo hayo na kuja kuomba mchoro wakati wake ukifika. Windows, kwa mfano, huutoa ujumbe wa WM_PAINT pale ambapo foleni haina ujumbe mwingine wa kushughulikiwa, na matangazo kumi yaliyotolewa kwa mfululizo huishia katika mchoro mmoja. Utaratibu huu una faida kubwa, kwa sababu kipanya kinaweza kutuma matukio mengi kuliko skrini inavyoweza kuonyesha. Skrini ya hezi 60 hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 16.7 hivi, na kuchora mara nyingi kuliko hapo ni kupoteza nguvu.

Kutokana na utaratibu huo inazuka kanuni ambayo ikivunjwa kila kitu huyumba: mchoro lazima utokane na hali ya kidhibiti iliyohifadhiwa, na uchoraji wenyewe usiibadilishe hali hiyo. Kidhibiti chetu kinahifadhi thamani mbili, mipaka miwili, kishikio kilicho chini ya kishale cha kipanya, kishikio kinachoburutwa, kama kina fokasi na kama kimezimwa. Kinapoombwa kuchora, husoma hayo na kuyaweka kwenye skrini, basi. Mtu akiingiza ndani ya uchoraji hesabu inayorekebisha thamani, na marekebisho hayo yakatangaza tena kwamba sura imepitwa na wakati, programu itajikuta inachora bila kukoma huku ikimaliza uwezo wa kiini kizima cha prosesa, ilhali kwa macho hakuna kinachobadilika.

Kumetameta ni tatizo la zamani ambalo bado linawakuta wanaotumia Windows Forms au kuandika moja kwa moja kwa Win32, yaani miito ya msingi ya Windows yenyewe. Chanzo chake ni kwamba mfumo hufuta usuli kwanza, kupitia WM_ERASEBKGND, kisha ndipo mchoro huwekwa juu yake, na jicho linauona ule mweupe wa katikati. Dawa ni kuchora kila kitu kwenye picha iliyo katika kumbukumbu na kuihamishia kwenye skrini kwa mkupuo mmoja. Windows Forms hulifanya hilo mtu akiwasha OptimizedDoubleBuffer na AllPaintingInWmPaint, na Qt tangu toleo la 4 hulifanya yenyewe. Gharama yake ni kumbukumbu: eneo la pikseli 1920 kwa 1080, kwa baiti 4 kila pikseli, linahitaji takribani megabaiti 8.3. Kwa kitelezi kidogo gharama hiyo si kitu.

Kuna kosa jingine la uchoraji ambalo halijitokezi mpaka programu itumike kwa muda. Katika GDI, sehemu ya Windows inayohusika na uchoraji, kalamu na brashi ni vitu vya mfumo ambavyo aliyeviomba ndiye anayepaswa kuvirudisha, na kwa kawaida programu moja hairuhusiwi kushikilia zaidi ya vitu 10,000. Kidhibiti kinachounda kalamu mpya kila kinapochora na kusahau kuiachilia, kikichorwa mara 60 kwa sekunde wakati wa kuburutwa, kitafikia kikomo hicho kwa chini ya dakika tatu za kuburuta mfululizo. Hakuna onyo linalotokea. Kinachoonekana ni sehemu za dirisha kubaki tupu au maandishi kupoteza fonti yake, na mara nyingi dalili hutokea kwenye kidhibiti kingine kisicho na hatia, kwa hiyo mchunguzi huanza kutafuta mahali pasipo.

Kipanya na mambo yake

Kuburuta kishikio kunaonekana kuwa matukio matatu tu: kipanya kimebonyezwa, kimesogea, kimeachiliwa. Hesabu ya kugeuza nafasi kuwa thamani nayo ni ya shule ya msingi. Umbali wa kishale kutoka ukingo wa kushoto unagawanywa kwa urefu wa njia, unazidishwa kwa tofauti ya mipaka, kisha kikomo cha chini kinaongezwa. Hata hivyo urefu wa njia si upana wa kidhibiti, kwa kuwa lazima utoe nusu ya kishikio kila upande, la sivyo kishikio kikifika mwisho kitakatwa nusu. Kinyume chake, ile ya kugeuza thamani kuwa nafasi, inagawanya kwa tofauti ya mipaka, na ipo siku ambapo data ina picha za mwaka mmoja tu, mipaka yote miwili inalingana, na mgawanyo kwa sifuri unaiangusha programu. Tena, mtu anapokibonyeza kishikio karibu na ukingo wake, umbali kati ya mbonyezo na kitovu cha kishikio unapaswa kukumbukwa na kutumiwa katika mwendo wote unaofuata. Usipokumbukwa, kishikio huruka pikseli chache mara tu kinapoguswa, na mtumiaji asiyetaka kubadilisha chochote huwa ameshabadilisha.

Mtumiaji hafuati mstari anapoburuta. Mkono wake hupanda, hushuka na kutoka nje ya kidhibiti, na bado anatarajia kishikio kimfuate. Hapo ndipo kunasa kipanya kunapohitajika: katika Win32 kidhibiti huita SetCapture kinapobonyezwa na ReleaseCapture kinapoachiliwa, ili matukio yote ya kipanya yaje kwake popote kishale kilipo. Qt hulifanya hilo yenyewe kwa muda ambao kitufe cha kipanya kimeshikiliwa. Kinachosahaulika ni kwamba kidhibiti kinaweza kunyang'anywa umiliki huo katikati ya safari, kwa mfano dirisha la onyo linapochomoza. Windows hutuma WM_CAPTURECHANGED hali hiyo inapotokea, na kidhibiti kisichousikiliza hubaki kikiamini kwamba kishikio bado kimebonyezwa. Mtumiaji akirudi, kishikio kinamfuata hata kabla hajabonyeza kitu.

Kunasa kipanya kunaleta pia hitilafu moja ambayo nimeikuta katika vidhibiti vingi vilivyoandikwa kwa C. Windows hufungasha nafasi ya kishale katika namba mbili za biti 16, moja ya mlalo na moja ya wima, na namba hizo zinaweza kuwa hasi. Anayezisoma kwa LOWORD, macro (amri ya mkato) inayotoa biti 16 za chini, anazichukulia kuwa chanya daima. Mambo huenda sawa mpaka mtumiaji aburute kishikio cha chini (kile cha kikomo cha chini) kuelekea kushoto na kupita ukingo wa kidhibiti kwa pikseli moja. Hapo nafasi ya hasi moja husomwa kuwa 65535, na kishikio kilichotakiwa kusimama mwanzo wa njia hurushwa hadi mwisho wake. Macro ya GET_X_LPARAM iliwekwa kwa ajili ya hilo hasa.

Halafu kuna swali ambalo kitelezi cha kishikio kimoja hakiliulizi kamwe: vishikio viwili vikiwa mahali pamoja, mbonyezo ni wa kipi? Ukimpa ushindi aliyechorwa mwisho, utaona kasoro pale vyote viwili vinapokuwa kwenye mwisho wa kulia, kwa sababu kishikio cha juu ndicho kitakachoshikwa, nacho hakiwezi kwenda kulia kwa kuwa njia imekwisha, wala kushoto kwa kuwa cha chini kimekizibia. Kitelezi kinakuwa kimekwama kabisa. Suluhisho ninaloliona bora ni kutoamua wakati wa mbonyezo, bali kusubiri mwendo wa kwanza: mkono ukielekea kushoto, kinachoshikwa ni kishikio cha chini, ukielekea kulia, ni cha juu. Kuhusu vishikio kupitana, wapo wanaoruhusu vibadilishane nafasi na wapo wanaoruhusu kimoja kisukume kingine. Mimi naona kusimama ndiko kunakoeleweka kwa haraka zaidi, kwa kuwa mtumiaji aliyeshika kikomo cha chini hakuomba kikomo cha juu kiguswe.

Kitufe cha Esc kikibonyezwa wakati wa kuburuta, thamani irudi ilipokuwa kabla ya kuanza. Ni mistari michache ya msimbo, na wengi hawaiandiki.

Asiyetumia kipanya

Kwa kawaida kidhibiti kilichojengwa kutoka sifuri hakipokei fokasi mpaka kiambiwe. QWidget tupu, kwa mfano, huanza na sera ya NoFocus. Baada ya kuiruhusu, inabidi kuamua kitufe cha Tab kifanye nini kwenye kitelezi chenye vishikio viwili. Mwongozo wa W3C, shirika la viwango vya wavuti, kwa vitelezi vya namna hii kwenye kurasa za wavuti hukipa kila kishikio kituo chake cha Tab, na sioni sababu ya kufanya vingine kwenye programu za mezani: Tab ya kwanza inafika kwenye kishikio cha chini, ya pili kwenye cha juu, ya tatu inatoka. Mishale inasogeza kwa hatua ndogo, Page Up na Page Down kwa hatua kubwa, Home na End hadi mwisho wa eneo ambalo kishikio hicho kinaruhusiwa kufika. Kishikio chenye fokasi lazima kionekane kuwa nayo, kwa pete au mstari ulio dhahiri, kwa sababu bila alama hiyo anayetumia kibodi hajui mshale wake utasogeza nini.

Katika kisanduku cha mazungumzo cha Windows, mishale hutumiwa na kisanduku chenyewe kuhamisha fokasi kati ya vidhibiti, kwa hiyo kitelezi kinaweza kujaribiwa kwenye dirisha la kawaida kikafanya kazi vizuri, kisha kikawekwa ndani ya kisanduku na mishale ikakataa. Kisanduku huuliza kila kidhibiti kwa WM_GETDLGCODE kama kinataka vitufe hivyo, na jibu linalotakiwa ni DLGC_WANTARROWS. Katika Windows Forms swali hilohilo hupitia IsInputKey. Kwa lugha zinazoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kama Kiarabu na Kiebrania, mwelekeo wote unageuka: thamani ndogo inakaa kulia, na mshale wa kushoto unaongeza badala ya kupunguza. Ni rahisi kulitimiza hilo ikiwa hesabu ya nafasi na thamani imewekwa katika mahali pamoja, na ni adhabu ikiwa imetawanywa katika kila tukio.

Kujieleza kwa kisoma skrini

Sehemu inayorukwa kuliko zote ndiyo hii. Kisoma skrini hakitambui viduara vyetu kwa kutazama pikseli. Hukiuliza kidhibiti chenyewe, kupitia mfumo endeshi, wewe ni nini, unaitwa nani, una thamani gani. Windows ilianza na Microsoft Active Accessibility mwaka 1997 na baadaye ikaja UI Automation; macOS ina NSAccessibility na mazingira ya Linux yana AT-SPI. Vidhibiti vya kawaida huyajibu maswali hayo vyenyewe. Kilichojengwa kutoka sifuri kwa Win32 hakijibu chochote, na UI Automation hukitangaza kuwa ni kidirisha tu, kisicho na jina wala thamani. Asiyeona anapita juu yake bila kufahamu kwamba kuna jambo la kurekebisha.

Kwa kitelezi chetu, jibu sahihi si moja. Thamani ni mbili, na mtindo wa RangeValue wa UI Automation unabeba thamani moja, pamoja na kikomo cha chini, kikomo cha juu, hatua ndogo na hatua kubwa. Kwa hiyo kidhibiti hujieleza kama kikundi chenye watoto wawili, kila mtoto akiwa kitelezi chenye jina lake, kama vile "mwaka wa kuanzia" na "mwaka wa mwisho", ingawa kwenye skrini hakuna madirisha mawili ya kweli. Kikomo cha chini cha mtoto wa pili ni thamani ya sasa ya mtoto wa kwanza, na hubadilika pamoja nayo. Katika Win32 mlango wa mazungumzo hayo ni WM_GETOBJECT. Katika WPF ni OnCreateAutomationPeer. Katika Qt ni QAccessibleInterface pamoja na QAccessibleValueInterface. Thamani ikibadilika lazima tukio litumwe, la sivyo kisoma skrini kitaendelea kusoma namba ya zamani. Wasimamizi wanaoona kazi hii kuwa ya wachache wakumbushwe kwamba majaribio ya kiotomatiki ya kiolesura hupitia mlango huohuo, na kidhibiti kisichojieleza hakijaribiki ila kwa kubofya kwa kubahatisha pikseli.

Rangi nazo ni sehemu ya suala hili. Zichukuliwe kutoka kwa mfumo pale inapowezekana, ili anayetumia mandhari ya utofautishaji mkubwa asipoteze kitelezi ndani ya usuli. Penye rangi za kuchagua mwenyewe, WCAG 2.1 ya mwaka 2018, mwongozo wa kuwawezesha wenye ulemavu kutumia wavuti, inataka sehemu za kidhibiti zinazobeba maana zitofautiane na kinachozizunguka kwa uwiano usiopungua 3 kwa 1. Iliandikwa kwa ajili ya wavuti, lakini macho ya mtumiaji ni yaleyale.

Ukubwa usio thabiti

Windows huhesabu nukta 96 kwa inchi kuwa asilimia 100, kwa hiyo skrini iliyowekwa asilimia 150 ina nukta 144, na tangu Windows 8.1 dirisha moja linaweza kuburutwa kutoka skrini ya kipimo kimoja kwenda ya kingine huku likitumwa ujumbe wa WM_DPICHANGED. Kipimo chochote kilichoandikwa kama namba ya pikseli ndani ya msimbo kinakuwa si sahihi wakati huo. Mstari wa pikseli moja unakuwa wa pikseli moja na nusu, na lazima mtu aamue aukadirie kuwa moja au mbili, kwani ukiachwa ulivyo utatokea kama ukungu.

Kidhibiti pia huulizwa na mpangilio wa dirisha kinataka nafasi kiasi gani, kupitia sizeHint, intrinsicContentSize au MeasureOverride, kulingana na maktaba. Katika WPF swali hilo lina mtego: kidhibiti kikiwa ndani ya kisehemu kinachoweza kusogezwa, nafasi kinayopewa inaweza kuwa isiyo na mwisho, na anayerudisha tu kile alichopewa hupokea kosa la InvalidOperationException wakati programu inaendeshwa. Kitelezi kinapaswa kuwa na upana wake wa kawaida wa kutaja pale kinapoambiwa kwamba nafasi haina kikomo.

Kwa watakaokitumia

Mtumiaji wa pili wa kidhibiti ni mtengenezaji wa programu atakayekiweka kwenye dirisha lake bila kusoma msimbo wake. Yeye anataka kujua thamani imebadilika lini, na kuna majibu mawili yanayofaa. Anayeonyesha namba pembeni ya kitelezi anataka kuarifiwa katika kila hatua ya kuburuta. Anayeuliza hifadhidata anataka kuarifiwa mara moja tu, kishikio kinapoachiliwa. QSlider hutoa valueChanged na sliderReleased, na ina sifa ya tracking inayoamua kama valueChanged itolewe wakati wa kuburuta. Kidhibiti kinachotoa tukio moja pekee humlazimisha mmoja wa hao wawili kubuni njia ya kuzunguka, na kwa kuwa vidhibiti vyote huendeshwa katika uzi mmoja wa kiolesura (mfululizo mmoja wa utekelezaji, ambamo kazi moja husubiri nyingine imalizike), yule wa hifadhidata atalifanya dirisha zima ligande kila kishikio kinaposogea.

Tukio lisitolewe pale thamani mpya inapolingana na ya zamani. Ikiwa vitelezi viwili vimefungamanishwa ili kila kimoja kikisogea kingine kifuate, ukaguzi huo mdogo ndio unaozuia viarifiane bila mwisho mpaka rafu ya miito (kumbukumbu ya miito ambayo haijamalizika) ifurike. Na kwa thamani zenye desimali, ulinganishaji ufanywe baada ya kukadiria kwa hatua iliyowekwa, kwa sababu tofauti ya sehemu ndogo sana inatosha kuanzisha mzunguko huo upya.

La mwisho linahusu kuziweka thamani mbili kwa msimbo. Tuseme kitelezi kinaonyesha 2001 hadi 2010, na programu inataka kionyeshe 2015 hadi 2020. Ikiwa kidhibiti kina sifa mbili tu, moja ya chini na moja ya juu, na kila moja inalindwa isiipite mwenzake, basi mtengenezaji anayeanza kuweka ya chini atakuta 2015 imekatwa ikawa 2010, kisha ya juu inakuwa 2020, na kitelezi kinaishia 2010 hadi 2020 bila kosa lolote kuripotiwa. Akigeuza mpangilio na kuanza na ya juu, mfano huu utafaulu, ila utashindwa siku atakapotaka kurudi nyuma kwenye 1990 hadi 1995. Kidhibiti kinahitaji njia moja ya kupokea thamani zote mbili kwa pamoja, inayozikagua zikiwa jozi, inayotangaza mchoro mara moja na kutoa tukio moja.